Kisu Chepesi

Muuza visu aliviweka viwili mbele yangu juu ya kitambaa cha kijani, akarudi nyuma kidogo, akafunga mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nilikuwa nimetoka ghalani moja kwa moja, bado nimevaa fulana ya njano ya kazini na viatu vyenye chuma mbele, miguu inaniwaka. Duka lilikuwa kusini mwa Louisville, mahali wanapouza ndoano, bunduki, makoti ya kuwindia na pipi za watoto chini ya paa moja. Watu wawili watatu walikuwa wakinichungulia kutoka upande wa bunduki. Niliwaacha wachungulie, macho hayana pazia.

Visu vyenyewe vilikuwa vya aina wanayoiita Bowie, kisu kikubwa cha zamani cha nchi hii, ambacho wanaume wao walikuwa wakitembea nacho kiunoni. Mgongo wake ni mnene, tumbo la makali limejaa kuelekea mbele, na karibu na ncha mgongo umekatwa kwa mkunjo, utadhani kipande kilimeguka halafu mtu akalainisha palipobaki. Cha kwanza kilikuwa kirefu kutoka kiwiko changu hadi karibu na vidole, mpini wake ni pembe ya kulungu, na kilikuwa kizito hasa. Cha pili nacho kilikuwa kikubwa, usidhani kilikuwa cha kumenyea viazi, lakini bapa lake lilikuwa jembamba, mpini wa mti wenye mistari ya kushikia, na kati ya mpini na makali palikuwa na shaba pana ya kuzuia mkono usiteleze.

Nilikuwa namchagulia baba. Kama ningechagua vibaya, baba angehama nyumba aliyoishi na mama, aache kaburi la mama Buffalo peke yake, aende kukaa katika chumba cha nyuma kwa mdogo wake Columbus. Jambo hilo zima lilikuwa limelala pale juu ya kitambaa cha kijani, na yule muuzaji ananitazama kwa subira akidhani namtafutia mume wangu zawadi.

Baba alikiona kisu cha namna hiyo katika duka lile lile, majira ya joto kabla mama hajafa, walipokuja kunitembelea. Mimi niliingia kununua viatu vya kazi. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mbele ya kabati la vioo, ameweka mikono nyuma kama mtu aliye kanisani.

"Mama, kuja uone," aliniita. Alizoea kuniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hii kisu ilivunjika sawa na ile yangu. Na banaiuzisha kama mupya."

Mama yangu alimvuta koti. "Twende, muzee. Unataka wazungu wa watu wafikiri unakuja kuwaua?" Alikuwa anacheka, na baba naye akacheka, lakini alipotoka aligeuka mara mbili kutazama kabati.

Kile chake nilikijua tangu utoto. Tulipovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini na kupelekwa kambini Kigoma, baba hakuwa na shamba wala ng'ombe tena, akawa mchinjaji. Mhunzi mmoja pale kambini alimfulia kisu kutoka springi ya lori. Kilikuwa kizito kiasi kwamba sisi watoto tulikinyanyua kwa mikono miwili, tukafukuzwa. Siku moja ncha ilimeguka kwenye mfupa wa fahali, mbele ya harusi ya watu. Baba hakukitupa. Alikaa na jiwe akakisugua, akakifanyia mkunjo mahali pa pengo, na tangu hapo kisu cha baba kilitambulika kambi nzima kwa ncha yake ya kukatwa.

Kuna jambo la kwetu lazima niliseme hapa, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Kwetu kisu hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakilaza, mwenzako anakiokota. Ukimpa mtu kisu mkononi umempa ugomvi, na hakuna mtu mzima anayefanya mchezo na hilo. Siku ya kuondoka kambini, mizigo ilipofunguliwa, kijana wa ukaguzi alikiona kisu cha baba kati ya mashati, akasema hakipandi ndege. Akanyoosha mkono apewe. Baba akakilaza mezani. Kijana akaendelea kunyoosha mkono, baba akaendelea kutazama meza, na foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Mwishowe kijana akakiokota mwenyewe, akakitupa kwenye boksi la mikasi na nyembe.

Kwa hiyo hata yule muuzaji wa Louisville, aliponinyooshea kisu, mpini ukiwa upande wangu kwa adabu ya kwao, sikukipokea. Nilimwonyesha kitambaa. Alinitazama kidogo, akakilaza tena, nami nikakiokota.

Mama alifia Buffalo mwishoni mwa majira ya baridi, mwaka 2015, kwa moyo, akiwa amesimama jikoni. Tulimzika ardhi ikiwa ngumu, kwa mashine, na theluji ikaanza kuanguka kabla hatujamaliza kuimba. Baba alibaki katika nyumba yao ya mbao upande wa mashariki wa mji, wenyewe wanapaita East Side, ghorofa ya chini, majirani zake wakiwa watu wa kwetu na Warundi na Wasomali. Kila wiki alipanda basi kwenda makaburini. Alibeba ufagio mfupi wa jikoni, akapangusa theluji kwenye jiwe, akarudi. Nilipompigia simu na kumwambia baridi itamuua, alinijibu kwamba mama hakuwahi kulala chini ya kitu kizito, hata blanketi mbili zilikuwa zikimsumbua.

Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka hata kabla ya msiba. Ule wa kulia, wa kazi. Wakati wa matanga nilimwona anamwaga chai kwenye kochi, kikombe kinagonga sahani mpaka watu wakanyamaza. Lakini siku ile ile alibeba sufuria kubwa ya maharagwe ya waombolezaji kutoka jikoni hadi sebuleni, peke yake, na haikudondoka hata punje. Nilidhani ni ugonjwa wenye hila, unaopumzika na kurudi. Sikufikiri zaidi ya hapo, nilikuwa na mama wa kulia.

Baba mdogo ndiye aliyefikiri. Yeye anaishi Columbus, ana nyumba, mke na chumba cha nyuma, na anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, anakata mabega ya ng'ombe kutwa nzima. Alisema kaka yake hawezi kuishi peke yake na mkono ule, jiko litamuunguza. Alisema kwa upendo, sina la kumlaumu, ingawa kwa muda mrefu nilimlaumu. Baba alikataa. Wakabishana kwenye simu hadi wakafika mahali ambapo ndugu wa kwetu hufika maneno yakiisha: tungojee kuondoa matanga.

Mwaka ukitimia, mnyama huchinjwa ili msiba ufungwe. Anayeshika kisu ni mwenye nyumba. Akichinja, anagawa nyama kwa mkono wake, anasema neno la kufunga kilio, na watu wanaondoka wakijua nyumba ile bado ina mtu. Asipoweza, ndugu yake anashika kisu badala yake, na tangu siku hiyo ndugu huyo ndiye mkubwa wa nyumba. Akisema hama, unahama. Mchungaji wetu hapendi sana mambo haya, anaita ibada ya shukrani. Baba aliita kuondoa matanga. Mbuzi hakuulizwa.

Basi wiki chache kabla, baba akanipigia simu. Hakunisalimia vizuri, akaanza na lile duka.

"Ile magazini ya visu ingali pale?"

"Ipo, baba."

"Uniletee ile ya kuvunjika. Nitachinja nayo."

"Baba, mkono wako..."

"Mukono ni yangu. Wewe uniletee kisu."

Ndiyo maana nilikuwa pale dukani, nikiwa na viatu vya ghalani. Nilikishika kile cha pembe ya kulungu. Kilinivuta kifundo cha mkono chini. Nikamfikiria baba akikinyanyua mbele ya watu, kikamponyoka, kikaangukia mguu wa aliyemshika mbuzi, au mguu wake mwenyewe. Nikaanza kuutetemesha mkono wangu makusudi, kama wake unavyotetemeka, nione kisu kitafanya nini. Nikakilaza, nikakiokota kile cha mpini wa mti, nikatetemesha tena. Hiki kilikuwa chepesi, nilihisi nakimudu, na ile shaba ilizuia vidole visishuke kwenye makali. Nilirudia hivyo, kimoja baada ya kingine. Mwanamke mweusi, katikati ya duka la bunduki, ameshika jisu na anatetemeka. Sasa naweza kucheka.

"Bibi, uko salama?" muuzaji aliuliza. Mikono yake haikuwa kifuani tena.

Nilimwambia ni cha baba yangu, na baba yangu mkono unatetemeka. Alikuna ndevu. Akakisogeza kile kizito mbele yangu kwa kidole, akasema nikishike tena bila kukilazimisha, nikiache kikae chenyewe, hiki kinatulia mkononi. Nikatazama kibandiko cha bei. Kile kizito kilikuwa ghali zaidi, ghali hasa, nikasema moyoni, loo, mchuuzi hakosi la kusema. Nikachukua chepesi.

Nilikifunga kwenye kitenge cha mama, kile cha buluu chenye mikia ya tausi, nikakiweka kwenye buti la gari. Nilijiona nimefanya jambo la akili. Nimempa baba kisu alichokitaka, chenye ncha ya kukatwa, na nimemkinga na mkono wake bila kumwambia neno. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nilijiambia, yeye atoe moyo, mimi nimetoa kisu.

Njia ya kwenda Buffalo inapita Columbus, na baba mdogo alikuwa ananingoja barazani na begi dogo. Mashamba yote ya Ohio yalikuwa ya kijivu, theluji imebaki kwenye mifereji tu. Tuliposimama kujaza mafuta aliniomba aone kisu. Nikafungua buti, nikakunjua kitenge. Alikiokota, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye makali kwa namna wanavyofanya watu wa kazi ile.

"Bon," alisema. "Hii ni kisu ya cinéma, mutoto yangu. Angalia hii ncha. Ukichuna nayo itatoboa ngozi."

"Baba ndiye aliyeitaka."

"Najua." Alikilaza kwenye kitenge, akakifunika vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunika mimi. "Mimi niko na yangu ku begi. Sitaitoa. Lakini unisikilize. Utamuacha ajikate mbele ya batu?"

Nilimwambia kisu ni chepesi, nimekichagua kwa ajili ya mkono wake, kitamfaa. Magari yalikuwa yanapita barabara kuu kwa kishindo.

"Donc, akiweza," alisema, "nitarudi Columbus peke yangu. Sitasema tena neno ya chumba. Nakuapia juu ya mama yetu."

Kutoka hapo nilimpenda kidogo. Tuliendesha hadi Buffalo tukizungumzia bei ya vitunguu.

Nilimpa baba kisu asubuhi iliyofuata jikoni, baba mdogo akiwa bado amelala. Nilikilaza mezani ndani ya kitenge. Baba alianza na kitenge. Alikitambua, akakipapasa kwa mkono ule wa kushoto uliotulia, kisha akakikunjua. Nilimwona anafurahi. Ncha ile ilimfurahisha, akaigusa, akatabasamu peke yake. Halafu akakiokota kwa mkono wa kulia, na uso ukabadilika. Hakukasirika. Alikuwa anapima.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Viwili."

"Na ile ingine?"

"Kubwa zaidi. Nzito."

"Sawa na ile yangu."

"Ndiyo, baba."

Kisu kilikuwa kinacheza mkononi mwake, ncha inapiga piga hewa. Alikitazama kikicheza. Akapitisha kidole cha kushoto kwenye ile shaba pana, taratibu, akaelewa ni ya nini.

"Mukono yangu nilijua," alisema. "Sikujua wewe pia unajua."

Nikaanza kumwambia kwamba kile kingine kilikuwa kibaya, kilikuwa ghali, mpini wake unateleza. Maneno yakawa mengi mdomoni. Alininyamazisha kwa kunimiminia chai. Aliimimina kwa kushoto, kikombe changu kikajaa vizuri, chake akakiacha kitupu.

"Mama yako alinichagulia mashati, viatu, hata kanisa," alisema. "Kisu hakunichagulia hata siku moja."

Mkulima aliyetuuzia mbuzi anaishi nje ya mji, kupita Amherst, mbali na zile nyumba za walimu wa chuo na magari yao mapya. Amezoea watu wa kwetu. Alituachia banda, mpira wa maji na ndoano ya kutundikia, akaingia ndani kwake. Watu wa kanisa walikuwa wamesimama kwenye matope yaliyoganda, wanawake wamejifunga vitenge juu ya makoti mazito, watoto wao ndani ya magari na vioo vimepandishwa, wakijibu kila kitu kwa Kiingereza. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Vijana wawili wakamlaza mbuzi.

Baba alivua koti. Kulikuwa na upepo, na nilitaka kumrudishia begani, nikajizuia. Alikiokota kisu kutoka kwenye kitenge. Watu wote walikuwa wanatazama mkono wake na wote walijifanya wanatazama mbuzi. Alipiga hatua, akainama, akamshika mbuzi taya kwa kushoto kama nilivyomwona akifanya mara nyingi kambini, na kichwa cha mbuzi kikatulia kabisa chini ya kiganja chake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado unaijua kazi. Kisha akaleta ule wa kulia.

Kisu kilikuwa kinatetemeka kuliko jikoni. Kwa kuwa ni chepesi, kilifuata kila kilichoambiwa na mkono. Baba alikitazama. Halafu akainua macho akanitazama mimi, si baba mdogo, mimi, na nilijua kabla hajafanya.

Akakilaza kwenye nyasi. Akaugeuza mpini uelekee kwa ndugu yake.

Baba mdogo alitia mikono mifukoni. "Yaya, jaribu kwanza," alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini. "Jaribu tu. Sisi tutangojea."

"Okota," baba alisema.

Mbuzi alilia. Mtu mmoja alikohoa. Baba mdogo alisimama pale muda ambao mimi niliuona hauishi, nikimwomba moyoni asiokote, na nadhani naye alikuwa anaomba hivyo hivyo. Lakini mtu hawezi kumwacha kaka yake na kisu kimelazwa mbele ya watu. Aliinama akakiokota.

Alichinja kwa usafi, pigo moja. Kwenye kuchuna, ncha ilitoboa ngozi mara mbili, kama alivyosema. Hakukitoa kisu chake cha kiwandani kwenye begi, alimaliza kazi yote na kile cha sinema, mpaka vidole vikamvimba. Aligawa nyama yeye. Kidari alimpa baba, fungu la mkubwa, akampa kwa mikono miwili na kichwa kimeinama, na baba akapokea akasema asante. Neno la kufunga kilio lilisemwa na baba mdogo. Lilikuwa neno zuri. Sikumbuki hata sentensi yake moja.

Tuliporudi nyumbani, baba alianza kutoa nguo kabatini kabla hajaambiwa. Alikuwa na mabegi mawili na picha ya mama. Sufuria alimpa jirani Mrundi. Kesho yake niliwaendesha wote wawili, na tulipofika karibu na makaburi nilipunguza mwendo bila kuulizwa. Baba alishuka na ufagio wake. Jiwe lilikuwa kavu, theluji ilikwisha kuyeyuka upande ule, lakini alilipangusa hivyo hivyo, mbele na nyuma. Ule ufagio aliuacha hapo, ameuegemeza.

Tuliendesha hadi tukaingia Ohio. Hapo baba aliniuliza kama theluji ya Buffalo huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Nilisema wa kumi na moja. Akasema basi kuna nafasi.

Watu wananiambia aliishi vizuri Columbus, na ni kweli. Mke wa baba mdogo alimtunza. Alikuwa na dirisha, redio ya mahubiri, wajukuu wa kuchekesha. Kisu kiliwekwa juu ya kabati, ndani ya ala yake ya ngozi, na sijawahi kusikia mtu amekigusa. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata wikiendi, nikitoka Louisville alfajiri. Safari ya Buffalo sikuifanya mara nyingi. Nilifanya mara moja kipindi cha baridi kilichofuata, na jiwe nililikuta limezama kwenye theluji. Nililifukua kwa mikono. Ufagio haukuwepo.

Ilikuwa baada ya Pasaka, mwaka wa pili wake Columbus, nilipowakuta mezani. Mke wa baba mdogo alikuwa amepika samaki wadogo wa mchuzi na ugali, na akampakulia baba mchuzi kwenye bakuli. Nikainuka nimlishe, maana ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Baba alinizuia.

"Kaa," alisema.

Alichukua kijiko ambacho sikuwa nimekiona. Kilikuwa na mpini mnene mweusi, kifupi, kibaya. Akakichovya, akakinyanyua kwa mkono wa kulia, akakipeleka mdomoni. Mkono ulitikisika kidogo pale mwanzo, kisha ukatulia. Akarudia. Wajukuu wakaendelea kula, kwao lilikuwa jambo la zamani tayari.

"Kliniki njo walimupatia," mke wa baba mdogo aliniambia, amefurahi. "Iko na chuma ndani. Muzito kabisa. Wanasema mukono ya kutetemeka ikishika kitu ya muzito, inatulia."

Nilijaribu kusema ni vizuri. Nadhani nilisema. Niliiona sufuria ya maharagwe ikipita sebuleni bila kudondosha punje, na kidole cha yule muuzaji kikisogeza kisu cha pembe ya kulungu mbele yangu. Kishike tena, kiache kikae chenyewe. Nami nikaenda kusoma bei.

Baba alikuwa akinitazama. Alikilaza kijiko mezani, mpini upande wangu. Nikakiokota. Kilinivuta kifundo cha mkono chini.

"Ile kisu ingine," alisema. "Ilikuwa muzito namna hii?"

Baba mdogo aliacha kutafuna. Hakuna aliyekuwa amekitaja kile kisu katika nyumba ile tangu siku tuliyofika. Ningeweza kudanganya, na baba angenikubalia, alikuwa amekwisha kunikubalia mengi.

"Zaidi, baba," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa. Nikakilaza kijiko mezani. Akakiokota, akakichovya, na mimi nikakaa nikikitazama kinapanda, naomba mchuzi umwagike, hata tone moja, nipate kupumua. Haukumwagika.